Basi Linaloitwa Kitenzi: Lugha ya Heshima katika Vipindi vya Watoto vya Korea Vinavyouzwa Nje

Kipindi cha katuni kilichoanza kurushwa na EBS, shirika la umma la utangazaji wa elimu la Korea Kusini, mwezi Novemba 2003, kinaitwa kwa Kikorea Pporong Pporong Pororo. Msikilizaji wa Kikorea hupokea kwanza mchezo wa sauti: silabi zilizorudufiwa kwa namna ya tanakali, kisha jina linalochomoza kutoka katika sauti hizo hizo. Hatajiwi mnyama, wala umri, wala umbo. Kipindi hicho kilipopelekwa kwenye masoko ya nje kilipewa jina la Kiingereza, Pororo the Little Penguin, na kwa jina hilo kimeuzwa katika nchi zaidi ya 100. Tanakali imeondoka, na mahali pake pamewekwa maelezo ya bidhaa, yanayomwezesha mnunuzi wa kituo cha televisheni, mwenye orodha ya mamia ya vipindi mbele yake, kujua kwa kupepesa jicho kwamba anauziwa ndege mdogo wa nchi za barafu. Mfasiri anayeletewa jina la Kiingereza alitie katika Kiswahili ataandika "Pororo Pengwini Mdogo" na hatakuwa amekosea chochote. Akiletewa la Kikorea atajikuta nyumbani, kwa kuwa Kiswahili nacho ni lugha ya chubwi, tifu, chapachapa na nyang'anyang'a, na watoto wake wamezoea maneno yanayolia kabla ya kumaanisha.

Umbali uliopo kati ya majina hayo mawili ndio unaochunguzwa katika makala haya. Wahakiki wa bidhaa za kitamaduni za Asia Mashariki mara nyingi huanzia kwa Koichi Iwabuchi, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu utamaduni pendwa wa Japani alieleza kwamba bidhaa zilizosafiri vizuri ni zile ambazo "harufu" ya nchi yao ilikuwa imepunguzwa. Dhana hiyo inavitosha vipindi vya Korea ikiwa macho yataishia kwenye picha. Pororo na wenzake, yaani mbweha Eddy, dubu Poby, biva Loopy na dinosaria mdogo Crong, wanaishi katika kijiji cha theluji kisicho na wazazi, shule, kanisa, hekalu wala mlo wa Kikorea. Lakini sikio hupata habari tofauti. Katika sauti ya asili, Korea imejaa tele, kwa sababu hakuna sentensi ya Kikorea inayoweza kukamilika bila msemaji kuamua anasimama wapi mbele ya anayemsemesha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba harufu ya nchi haikuondolewa na wachoraji wa Seoul. Iliondolewa baadaye, katika matini ya Kiingereza inayoandaliwa kwa ajili ya kuuza, na ni matini hiyo ndiyo mfasiri wa Kiswahili anayopewa na kuambiwa kuwa ndicho chanzo.

Mikono ya kukodiwa na umiliki wa jina

Kwa miongo kadhaa studio za katuni za Korea Kusini zilijulikana nje kwa kuchora kazi za watu wengine. AKOM ya Seoul imekuwa ikichora The Simpsons tangu mwaka 1989, na watazamaji wengi wa kipindi hicho hawajapata kulisikia jina la studio hiyo. Mchoraji wa aina hii hulipwa kwa kazi. Mhusika, jina na faida ya baadaye hubaki kwa mwenye haki. Ndiyo maana kuzuka kwa Pororo kulikuwa na uzito kuliko mafanikio ya katuni moja. Iconix, Ocon, EBS na kampuni ya mawasiliano ambayo leo inaitwa SK Broadband walimiliki mhusika wao wenyewe. (Sehemu ya msimu wa kwanza ilichorwa pia na kampuni ya Samcholli ya Pyongyang, kwa hiyo pengwini huyu ni miongoni mwa kazi chache za televisheni ambazo Korea mbili zimeshika kalamu pamoja.)

Umiliki huo ulikuja na masharti yake. Kipindi cha dakika tano kwa watoto wasiojua kusoma hakimpi mtayarishaji fedha nyingi kinapouzwa kwa kituo cha ng'ambo. Bei ya leseni hutegemea ukubwa wa soko la nchi husika, na katika nchi nyingi haikaribii gharama ya utengenezaji. Faida hutafutwa kwenye wanasesere, madaftari, mabegi na bustani za michezo. Televisheni basi huwa tangazo refu ambalo mtangazaji wake analipiwa badala ya kulipa. Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa lugha, ingawa si rahisi kuyaona mwanzoni: jina la mhusika likishachapwa kwenye sanduku la mwanasesere huwa chapa ya biashara, na chapa ya biashara haifasiriwi.

Ni vyema kukumbuka kwamba Korea ilikuwa na katuni zake kabla ya hapo ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya soko hilo. Dooly, dinosaria mtoto aliyebuniwa na Kim Soo-jung mwaka 1983 na kuonyeshwa na KBS mwaka 1987, anaishi katika nyumba ya mtu wa kawaida mtaani Seoul na kumsumbua mwenye nyumba usiku na mchana. Mtunzi alieleza kwamba alichagua mnyama kwa sababu wadhibiti wa wakati ule wasingemvumilia mtoto wa binadamu anayemkosea adabu mtu mzima. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sungura wa ngano amekuwa akiifanya kazi hiyo hiyo mbele ya simba na fisi tangu zamani. Kilicho muhimu ni kwamba utundu wa Dooly unategemea lugha inayojua adabu. Palipo na kiambishi cha heshima, kukiacha ni tukio. Pasipo nacho, hakuna kinachoweza kuachwa, na mzaha mzima hubaki kuwa purukushani za mnyama wa kijani.

Basi linaloitwa kitenzi

Kipindi kinachoonyesha suala hili kwa uwazi zaidi ni Tayo, kilichotolewa na Iconix na kuanza kurushwa na EBS mwaka 2010. Wahusika wakuu ni mabasi manne madogo: Tayo wa bluu, Rogi wa kijani, Lani wa njano na Gani mwekundu. Mtazamaji wa nje huona rangi nne za kupendeza. Mkazi wa Seoul huona mfumo wa usafiri wa jiji lake, kwani tangu mageuzi ya mwaka 2004 mabasi ya bluu hupita njia kuu, ya kijani hulisha njia hizo kutoka mitaani, mekundu huunganisha jiji na miji ya pembezoni, na ya njano huzunguka katikati. Serikali ya Jiji la Seoul ilishiriki katika kipindi hiki, na mwezi Machi 2014 mabasi manne halisi ya jiji yaliwekewa macho na midomo ya wahusika hao. Watoto waliyapenda, na mengine yakaongezwa. Katuni inayodhaniwa kuwa haina mahali ina ramani kamili ya njia za mabasi.

Jina lenyewe lina utajiri zaidi. "Tayo" ni kitenzi. Shina lake linatokana na "tada", kupanda chombo, na "-yo" ni kiambishi tamati cha heshima ya kila siku, ile ambayo mtoto hufundishwa kumtumia mwalimu, jirani au muuza duka. Kwa kiimbo kimoja "tayo" ni taarifa, kwa kingine ni swali, kwa kingine ni ombi la upole kwa mtu apande. Basi hili linajitambulisha kwa kuwaalika abiria, tena kwa adabu. Mbele ya Kiingereza jina hilo halikufasiriwa wala kufafanuliwa. Likawa nomino tupu katika Tayo the Little Bus. Kiswahili kingekuwa na njia kadhaa za kuliendea. Neno "karibu" linabeba mwaliko na heshima kwa pamoja, na hakuna mtoto wa Dar es Salaam au Mombasa asiyejua sauti ya mtu anayeita abiria mlangoni mwa gari. Lakini "Basi Karibu" haliwezi kuuza mwanasesere ambaye sanduku lake limeandikwa Tayo. Hapa mfasiri hashindwi na lugha. Anashindwa na alama ya biashara.

Gani naye anastahili neno moja. Kwa Kikorea sauti ya jina lake inafanana na swali la kirafiki lisilo na heshima, "unakwenda?" Kwa Kiswahili ni kiulizi, na mtoto yeyote ataligundua hilo kabla ya sentensi ya pili kuisha: "Basi gani hilo?" "Basi Gani." Ni bahati ambayo hakuna mkataba ulioipanga. Mfasiri mwenye sikio angejenga juu yake kipindi kizima cha vichekesho, ilhali mwenye haraka angeliogopa jina hilo na kuomba ruhusa ya kulibadilisha.

Suala zito zaidi linamhusu Hana. Huyu ni fundi, binadamu, msichana mkubwa anayewatengeneza mabasi wanapoharibika. Tayo humwita "Hana nuna". "Nuna" ni dada mkubwa anapoitwa na mvulana. Msichana angesema "eonni". Kwa neno moja, basi linajieleza kuwa ni la kiume, ni dogo kwa Hana, linampenda na linamheshimu. Kiingereza hakina desturi ya kumwita dada kwa cheo chake, kwa hiyo kwa kawaida hubaki "Hana" peke yake, kana kwamba fundi na basi ni rika moja. Katika Kiswahili "Dada Hana" ni la kawaida kabisa, na "Hana" peke yake kinywani mwa mdogo lingemfanya mzazi anayetazama ageuze shingo. Kiswahili cha leo hakitofautishi jinsia ya msemaji hapa, ijapokuwa kiliwahi kufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa neno "umbu", ambalo wengi sasa hulikuta katika ushairi tu. Hata hivyo sehemu kubwa ya maana ingeokoka.

Kuna na ushahidi wa kiufundi unaoweza kuhesabiwa kwa vidole. Midomo ya wahusika ilichezeshwa ikifuata maneno ya Kikorea. "Hana nuna" ni silabi nne. "Dada Hana" ni silabi nne. "Hana" ni mbili. Msanii wa sauti anayefuata matini ya Kiingereza atajikuta ana mdomo unaoendelea kusogea baada ya neno kwisha, naye atalazimika kuujaza kwa "ee" au "jamani" isiyoombwa na mtu. Silabi mbili anazozihangaikia ni zile zile zilizodondoshwa njiani kati ya Seoul na soko.

Kunyamaza kama mbinu ya mauzo

Watayarishaji wa Korea hawakuwa vipofu kwa tatizo la lugha. Baadhi yao walilikwepa kwa kutosema. Larva, kazi ya studio ya TUBA iliyoanza mwaka 2011, inawaonyesha viwavi wawili, mmoja mwekundu na mmoja wa njano, wakigombania chochote kinachodondoka kwenye mfereji. Hawaongei. Hupiga kelele, hucheka, hutoa upepo, na kwa mtaji huo walifika hadi Netflix mwaka 2018. Pucca, msichana aliyebuniwa na kampuni ya Vooz mwaka 2000 na baadaye kutengenezewa mfululizo kwa ushirikiano wa Jetix ya Ulaya na studio ya Kanada, naye anacheka na kumkimbiza ampendaye pasipo maneno. Wahakiki wanaosifu ukimya huu kuwa ni lugha ya ulimwengu mzima wanapaswa kukumbuka kwamba pia ni lugha isiyo na gharama ya tafsiri. Mnunuzi wa kituo kidogo huipenda Larva kwa sababu kanda inaweza kuwekwa hewani siku inapofika. Pamoja na hayo, ukimya una mpaka. Viwavi wanaweza kupigana na kupatana, lakini hawawezi kuomba radhi kwa mkubwa. Kitendo hicho kinahitaji neno.

Familia inayogeuzwa kuwa mtoto

Mfano wa mwisho ulianza katika intaneti na kuishia kwenye televisheni. Wimbo wa watoto uliotolewa kwa chapa ya Pinkfong na kampuni ya SmartStudy ya Seoul, ambao video yake ya mwaka 2016 ilikuja kutazamwa zaidi ya mara bilioni 10 kufikia Januari 2022, unajulikana duniani kwa jina Baby Shark. Kwa Kikorea unaitwa Sangeo Gajok, yaani Familia ya Papa. Asili ya wimbo ni nyimbo za kambi za watoto za Marekani, hivyo haiwezi kudaiwa kwamba Korea imeporwa kitu. Kilichotokea ni cha kuvutia zaidi. Wakorea waliuchukua wimbo wa Kimarekani wakaupa jina la ukoo, na ulipouzwa nje ukarudi kuwa wimbo wa mtoto mmoja. Desemba 2020 Nickelodeon ilianza kurusha mfululizo wa televisheni, Baby Shark's Big Show!, ambamo mtoto huyo ndiye nyota na wazazi wake ni watu wa pembeni.

Kwa Kiswahili jambo hili lina ladha yake. Papa ni samaki. Kwa wasemaji wengi wa Kongo, papa ni baba. Kwa Wakatoliki wote, ni kiongozi wa Kanisa. "Baba Papa" wa Lubumbashi angekuwa baba mara mbili. Mfasiri anaweza kuliona hilo kuwa shimo la kuruka au mlango wa kuingilia, lakini vyovyote atakavyoamua, jina la Kikorea linampa msaada ambao la Kiingereza halimpi. Linamwambia kwamba mada ni ukoo, na kwamba bibi na babu wanaotajwa hawapo pale kujaza beti.

Mfasiri mwishoni mwa mnyororo

Mauzo haya hufanyika mahali pachache. Kwa miaka mingi soko kubwa limekuwa MIPCOM mjini Cannes, likitanguliwa na MIPJunior ya vipindi vya watoto. Seoul nayo ina soko lake, BCWW. Kinachouzwa ni ruhusa: eneo, muda, idadi ya marudio, lugha. Mnunuzi hukabidhiwa picha, mkanda wa muziki na milio usio na mazungumzo, na hati ya mazungumzo kwa Kiingereza. Kutoka hapo mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kutafsiri, kutafuta wasanii wa sauti na kurekodi. Hakuna anayemdanganya. Hati imeandikwa vizuri, mara nyingi na watu wenye ujuzi mkubwa, kwa ajili ya hadhira inayozungumza Kiingereza. Tatizo ni kwamba lugha daraja hii inaunganisha kingo mbili zinazofanana kuliko daraja lenyewe. Kikorea kina tanakali nyingi, Kiswahili kadhalika. Kikorea humwita mtu kwa nafasi yake katika ukoo hata asipokuwa ndugu. Kiswahili vivyo hivyo. Kiingereza hakikatazi lolote kati ya hayo, ila hakilihitaji, na kisichohitajika hukatwa.

Isidhaniwe kwamba kurejea kwenye Kikorea kungetatua yote. Msimulizi wa katuni za Kikorea huwasemesha watoto kwa ile "-yo" ya heshima: mtu mzima anawapa wadogo adabu ili waisikie na kuiiga. Kiswahili hakifanyi hivyo. Heshima yake haimo katika vitenzi bali katika salamu na majina ya wito, na hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mtu mzima hawaamkii watoto shikamoo ili kuwafundisha, bali huwangoja waseme aitikie marahaba. Mfasiri anayetaka kuhifadhi kazi ya "-yo" atalazimika kuihamisha kutoka kwa msimulizi kwenda kwa wahusika: Pororo amwamkie Poby aliye mkubwa wa mwili na mpole wa roho, au mabasi madogo yamwamkie Hana asubuhi karakana inapofunguliwa. Huo ni uamuzi mkubwa. Unabadilisha matini chanzi, tena mahali ambapo mwenye haki anaweza kukataa, kwa kuwa marafiki wa Pororo wanasemeshana kama rika. Lakini ni uamuzi wa kifasihi unaostahili kufanywa kwa kujua. Anayetazama hati ya Kiingereza tu hajui kama kuna jambo la kuamua.

Watetezi wa utaratibu uliopo watasema kwamba watoto wanafurahi, na kwamba kutafuta mtu wa Kikorea na Kiswahili ni anasa. La kwanza ni kweli. Hadhira za Afrika Mashariki zimekwisha kuonyesha pia kwamba zinajua kudai zaidi: wasimulizi wa filamu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi walijipatia mashabiki kwa kuwafanya wageni wa kwenye skrini waitane, watukanane na wabembelezane kama watu wa mtaani, bila hati yoyote mezani. Msimulizi asiyefungwa na mkataba amekuwa na uhuru ambao mfasiri mwenye leseni hana, na haishangazi kwamba mara nyingi kazi yake husikika kuwa ya Kiswahili zaidi.

La pili halisimami. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, mjini Seoul, kimekuwa kikifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980, na wahitimu wake wanasoma lugha zote mbili. Hati ya Kikorea ipo; wasanii wa sauti wa Seoul waliisoma kabla ya mtu yeyote kuitia katika Kiingereza. Kuiongeza katika orodha ya vifaa vinavyokabidhiwa kunahitaji mstari mmoja wa mkataba, na mstari huo unapaswa kuombwa na mnunuzi, kwa sababu muuzaji hana sababu ya kudhani kwamba kuna mtu huku atakayeusoma.